Kabla Hujaondoka Kaunta: Kuokoa Shilingi Ndogo Ndogo Ukinunua Nakuru

Chukua simu yako, fungua jumbe za M-Pesa za wiki iliyopita, na usome mwisho wa kila ujumbe, pale panapoonyesha gharama ya muamala. Saba hapa, kumi na tatu pale, ishirini na tisa kwa ajenti. Jumlisha. Kwa watu wengi ninaowafahamu hapa Nakuru, jumla hiyo ingetosha unga wa siku mbili tatu, na hakuna aliyeipangia bajeti.

Nilikuwa keshia katika supamaketi moja hapa mjini kabla sijafungua kibanda changu cha vyombo vya nyumbani. Kaunta naijua nikiwa nimekaa ndani na nikiwa nimesimama nje. Ninaandika kwa ajili ya anayelipa: mama wa Kaptembwo anayepita dukani akitoka kazini, kijana wa Free Area anayejipikia, mzee anayetumiwa pesa na watoto kila mwisho wa mwezi. Sitakuambia uache kununua kitu chochote. Vitu ni vile vile. Ninachotaka ni kwamba pesa isidondoke njiani kati ya mfuko wako na bidhaa, kwa sababu nimeona inavyodondoka, na wanaoumia zaidi ni wale wanaonunua kidogo kidogo.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wa safari yako ya kununua.

1. Anza kwa ajenti, kabla hata ya duka

Ajenti wa M-Pesa hakati kulingana na kila shilingi. Anakata kwa madaraja. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, kutoa kiasi chochote kuanzia shilingi 101 hadi 2,500 ni shilingi 29. Ukitoa 200, umelipa 29. Ukitoa 2,500, umelipa 29 hiyo hiyo. Anayetoa 500 mara nne ndani ya wiki amelipa 116; anayetoa 2,000 kwa mkupuo amelipa 29. Na ukivuka 2,500 hata kwa shilingi mia, makato yanapanda hadi 52, kwa hiyo simamia hapo kwenye 2,500 kama haikulazimu kuzidisha.

Nayajua mashaka ya kukaa na pesa taslimu nyumbani: inaonwa, inaombwa, inatumika. Kama hiyo ndiyo hali yako, basi acha pesa kwenye simu na ulipe kwa tili, yaani namba ya M-Pesa ya duka lenyewe, njia ambayo nitaieleza hapo chini. Kibaya kuliko vyote ni kutoa mia mbili mia mbili.

Viwango hubadilika, hasa serikali inapogusa ushuru. Hakikisha vya sasa kabla hujaweka hesabu yako.

2. Mbele ya rafu, gawanya bei kwa uzito

Bei kubwa iliyoandikwa kwa wino mwekundu haikuelezi mengi. Tafuta maandishi madogo ya gramu au mililita, kisha ugawanye. Simu yako ina kikokotoo.

Maziwa ndiyo mfano mzuri. Pakiti zinafanana kwa urefu na rangi, lakini nyingine ni mililita 500, nyingine 450, na zipo za 400. Tuseme ya 500 ni shilingi 60 na ya 450 ni 56. Mkono utaenda kwa ya 56. Hesabu inasema ya kwanza ni shilingi 12 kwa kila mililita 100, ya pili ni 12 na senti 44. Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali. Mkate nao una wa gramu 400, 600 na 800. Usilinganishe bei kabla hujasoma uzito kwenye karatasi. Sabuni ya mche vivyo hivyo: pima kwa gramu, usipime kwa macho.

Na usiamini kwamba kikubwa ni rahisi siku zote. Hutokea sukari ya kilo moja iko kwenye ofa na ya kilo mbili haiko. Kilo moja kwa 160 mara mbili ni 320, na pakiti ya kilo mbili pembeni yake inauzwa 330. Nimewauzia watu wengi pakiti kubwa namna hiyo, na hakuna sheria inayomlazimu keshia kukuambia.

Mafuta yana mtego wake. Ya chupa huuzwa kwa lita na ya kuganda kwa kilo, na lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa gramu 920 hivi. Ukilinganisha lita na kilo kana kwamba ni kitu kimoja, umekosea hesabu tangu mwanzo.

Kabla hujatoka kwenye rafu, piga picha ya kibandiko cha bei cha kila kitu kilicho kwenye ofa. Jina la bidhaa na bei zionekane pamoja. Picha hiyo utaihitaji muda si mrefu.

3. Kaunta: tazama kioo, usitazame simu

Hapa ndipo ningependa ukae nami kidogo.

Bei ya kwenye rafu na bei ya kwenye mashine hutoka sehemu mbili. Kibandiko hubandikwa na kijana wa rafu kwa mkono. Bei ya mashine huingizwa ofisini. Ofa ikianza, vibandiko vinaweza kubandikwa jioni na mfumo usasishwe kesho yake. Ofa ikiisha, mfumo unarudi bei ya zamani na kibandiko kinabaki kikining'inia siku mbili. Mara nyingi hakuna mtu aliyepanga kukuibia. Lakini pesa inayotoka ni yako.

Panga vitu kwenye kaunta kwa utaratibu: vya ofa mwanzoni, mboga na matunda yaliyopimwa yafuate, vingine mwisho. Keshia akianza kupitisha, macho yawe kwenye kioo kinachoonyesha bei. Kama kioo kimegeuzwa upande wake, sema tu, "Dada, naomba unigeuzie nione." Nilipokuwa keshia, mteja aliyeomba hivyo hakunikera hata siku moja, na alinifanya nipunguze mwendo.

Kuna makosa matatu ya kuwinda. La kwanza ni bei ya ofa kusoma bei ya zamani. La pili ni kitu kimoja kusomwa mara mbili: mashine inalia, keshia hana hakika, anapitisha tena. Hili hutokea zaidi kwa vitu vidogo vinavyofanana, kama pakiti za viungo au yogati sita za ladha tofauti. La tatu ni kibandiko cha mizani ya mboga: aliyepima alibonyeza nyanya badala ya vitunguu, au alibandika karatasi ya mteja aliyetangulia. Soma jina lililoandikwa juu ya mfuko wako.

Ukiona kosa, sema papo hapo, kabla hujalipa. Usingoje risiti. Kabla ya malipo kosa hufutwa kwa dakika moja. Baada ya malipo ni msimamizi, kitabu, saini na foleni inayokusukuma kwa macho. Sema kwa upole na kwa ufupi: "Samahani dada, hii kwenye rafu imeandikwa 135, hapa imesoma 149. Picha ni hii." Keshia hana mamlaka ya kubadilisha bei, ataita msimamizi. Msubiri msimamizi, usimgombeze keshia. Mahali nilipofanya kazi, upungufu wa siku ulikatwa kwenye mshahara wetu, kwa hiyo keshia anayekataa kukupunguzia bila idhini hakudharau. Anaulinda mkate wake.

Kama duka linakataa bei ya rafu, una haki ya kukiacha kitu hicho pale pale. Shilingi 14 si aibu kuidai. Nakuru ndiyo nyumbani kwa biashara ya supamaketi: Naivas ilianzia Rongai, hapa hapa kaunti ya Nakuru, mwaka 1990, na Nakumatt ilichipuka kutoka duka la magodoro la hapa hapa mjini. Maduka haya yalijengwa kwa shilingi moja moja za wateja wa kawaida, na waliokuwa wakiyasimamia hawakudharau hata senti.

Jambo la mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kaunta zinauza mifuko ya kitambaa. Mfuko wa shilingi kumi mara tatu kwa wiki ni 1,560 kwa mwaka. Weka mmoja kwenye mkoba, mwingine kazini.

Kama duka lina kadi ya pointi, taja namba yako ya simu kabla keshia hajafunga hesabu, kwa sababu baada ya hapo pointi huwa zimepita. Uliza pia pointi moja ni shilingi ngapi na zinatumika kuanzia ngapi. Wateja wengi huzikusanya miaka bila kuzitumia. Wa Safaricom wapige *126# waone pointi zao za Bonga.

4. Ukilipa kwa simu, jua unalipa kwa njia gani

Muuzaji akikuambia "tuma tu kwa simu," muulize mara moja: ni tili, ni Pochi la Biashara, ni Paybill, au ni namba yako ya kawaida? Kwako tofauti ni kubwa.

Ukilipa kwa tili, wewe hukatwi kitu. Anayekatwa ni mwenye biashara, na makato yake ni kama nusu asilimia, tena kwa malipo ya shilingi 200 kushuka hakatwi kabisa. Hii ndiyo njia ya kuulizia kwanza. Ukilipa kwa Pochi, ambayo ni namba ya simu ya muuzaji mdogo iliyotengewa biashara, au kwa namba ya mtu, unakatwa kama unayetuma pesa: hadi shilingi 100 ni bure, 101 hadi 500 ni shilingi 7, 501 hadi 1,000 ni 13, na 1,001 hadi 1,500 ni 23. Paybill, namba ya malipo unayoiweka pamoja na namba ya akaunti, hutegemea: nyingine gharama anabeba mwenye biashara, nyingine mnagawana, nyingine yote ni yako. Utaijua kwenye ujumbe wa kwanza. Ukumbuke mara ya pili.

Madaraja haya yana mianya halali. Bidhaa ya shilingi 510 ukiituma kwa mkupuo inakukata 13. Tuma 500, ukatwe 7, kisha tuma 10, ambayo ni bure. Kitu cha 1,010, tuma 1,000 na 10: unalipa 13 badala ya 23. Au mpe hiyo kumi mkononi. Au, kwa kweli, mwombe akuondolee hiyo kumi. Kwenye vibanda vya Bondeni na Langa Langa wengi watakubali kama umenunua kwa utu.

Kuna maneno ambayo yamezoeleka mno: "Weka na ya kutoa." Yaani umlipe bei, kisha uongeze makato atakayotozwa akienda kwa ajenti. Fanya hesabu: viatu vya 600, unakatwa 13 ya kutuma, na anataka 29 ya kutoa. Umelipa 642. Hiyo ni asilimia saba juu ya bei mliyokubaliana. Mjibu kwa heshima: "Kaka, bei tulisema mia sita. Huna tili? Kama huna, ningoje nilete taslimu." Mara nyingi tili inapatikana, au ile ya kutoa inasahauliwa. Mimi mwenye kibanda nakuambia: gharama ya kupokea pesa ni gharama ya biashara, na huwekwa ndani ya bei tangu mwanzo. Anayeiongeza mwishoni amebadilisha bei baada ya mapatano.

Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Jina la duka lisipolingana na unaposimama, acha. Ukiwa umeshatuma kwa namba isiyo yake, sambaza ujumbe ule wa M-Pesa kwenda 456 mara moja, usingoje kufika nyumbani.

Na chunga Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa unaojazia salio lisipotosha. Ukipungukiwa kidogo na Fuliza iko wazi, kidole kinakubali bila kufikiri. Inakata asilimia moja papo hapo, na ada ya kila siku inaweza kuendelea hadi ulipe. Angalia salio ukiwa bado kwenye foleni. Pungukiwa ukiwa na nafasi ya kurudisha kitu kimoja kwenye rafu.

5. Chenji

Ukilipa taslimu kitu cha 149 kwa noti ya 200, unadai 51. Sarafu ya shilingi moja ni pesa halali. Ile yenye twiga imetumika tangu Desemba 2018. Ukipewa pipi badala yake na hukuitaka pipi, iombe shilingi yako kwa upole. Kama hana kweli, lipia kwa tili, ambapo 149 ni 149. Mimi bado nina mkebe wa sarafu za moja na tano kibandani, na wateja wanaupenda kuliko kitu chochote kingine ninachowafanyia.

Hesabu chenji ukiwa mbele ya kaunta, noti juu ya meza, keshia akiona. Si kumshuku; ni kumkinga naye pia.

6. Sokoni na buchani: mizani na kipimo

Katika soko la Wakulima viazi vya Molo na karoti za Njoro huuzwa kwa ndoo, kwa debe, na kwa gorogoro, mkebe unaobeba takriban kilo mbili za mahindi. Angalia kitako cha gorogoro kabla hakijajazwa. Kikiwa kimegongwa kikaingia ndani, au kuna karatasi ngumu chini, kipimo kimepungua na huwezi kuona kikishajaa. Mwombe akupimie kwa mkebe mwingine. Angalia pia kama anajaza hadi kileleni au anapangusa kwa kiganja, na ukubaliane naye kabla ya kumwaga kwenye mfuko wako. Kwa mafungu ya nyanya, fungu lililo mbele ni la kuonyesha; inua la juu uone ya chini. Nyongeza iombe baada ya kulipa, "Mama, niongezee hoho moja basi," na usiidai kwa anayeuza mafungu matatu tu jioni.

Buchani, mizani ianzie sifuri. Ya mshale, mshale ukae kwenye sifuri kabla nyama haijawekwa. Ya umeme, namba isomeke sifuri sahani ikiwa tupu, na karatasi ya kufungia isiwe imekunjwa mara nne chini ya nyama. Una shaka? Tumia pakiti ya sukari ya kilo moja uliyoinunua sasa hivi na bado imefungwa. Mwambie mwenye bucha, "Boss, hebu niwekee hii tuone." Isome kilo moja na gramu chache za karatasi. Ikisoma kilo moja na robo, nyama yako nayo ingesomeka zaidi ya ilivyo. Mizani ya biashara hukaguliwa na maafisa wa vipimo wa kaunti na kuwekwa alama. Uliza alama iko wapi.

7. Gesi, petroli, dawa, vifaa vya ujenzi

Mtungi wa gesi una uzito wake mtupu umeandikwa kwenye shingo au ubavuni. Ukiandikwa kilo 7.2 na gesi ni ya kilo 6, mizani isome kilo 13.2. Muuzaji anayefuata utaratibu ana mizani dukani. Upime mtungi mbele yako, halafu ndipo ulipe.

Petroli: EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, hutangaza bei ya juu kabisa tarehe 14 ya kila mwezi, na huanza kutumika usiku huo kuingia tarehe 15. Nakuru ina bei yake, tofauti na Nairobi na Kisumu. Wa bodaboda na mwenye gari asikilize habari jioni ile: ikipanda, ajaze kabla ya usiku wa manane, ikishuka, angoje asubuhi. Na mita ianze sifuri.

Kwenye duka la dawa, muulize mfamasia kama kuna dawa nyingine yenye kiambato kile kile na nguvu ile ile kwa bei nafuu. Mara nyingi ipo, na tofauti ni kubwa. Dozi ya antibayotiki usiikate ili kuokoa.

Hadiwea, uliza kabla ya kuanza kupatana bei: "Hii ina VAT na risiti ndani?" Vinginevyo utapatana vizuri kisha kaunta wakuongezee asilimia 16.

8. Risiti na malalamiko

Isome risiti ukiwa bado ndani ya duka, mstari kwa mstari. Ikunje na uiweke mahali pamoja na nyingine za mwezi. Wino wake hufifia, kwa hiyo za vitu vyenye dhamana zipige picha siku hiyo hiyo.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji kuhusu anachonunua. Kosa la bei likijirudia duka lile lile, mwone meneja kwanza. Mizani au gorogoro ikiwa na hila, nenda kwa maafisa wa vipimo wa kaunti. Tangazo la ofa lisilo la kweli, peleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Popote utakapokwenda, beba risiti, picha ya kibandiko cha bei, na ujumbe wa malipo, na uandike saa na namba ya kaunta iliyokuhudumia. Kwa kawaida huchapishwa kwenye risiti.